Kombi ya Zamani: Yanayosemwa Kuhusu Nyaya na Kutu

Anayenunua Volkswagen Kombi ya miaka ya 1970 aigeuze gari la kulala safarini, kwa kawaida hukimbilia nyaya kwanza. Mimi humwambia aanze uvunguni. Bodi ya gari hili ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri, na chuma kikishaliwa na kutu, nyaya mpya hazisaidii.

Dhana: Taa zikififia, betri imekufa.
Mara nyingi mbovu ni ethi, yaani muunganiko unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi. Taa ya wati 55 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 4.6, kwa hiyo ukinzani wa omu 0.2 kwenye boliti yenye kutu hula karibu volti moja nzima. Tena injini na giaboksi vimekaa juu ya raba, ndiyo maana kuna mkanda wa shaba uliosukwa unaounganisha giaboksi na bodi. Ingia chini uutazame. Ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya pedali ya mafuta, na kebo hiyo hupata moto kweli. Kupima ni rahisi: ncha moja ya mita ya volti kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye giaboksi, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, safisha ethi kabla hujanunua chochote.

Dhana: Fyuzi ikikatika kila mara, weka kubwa zaidi.
Fyuzi inalinda waya. Ukiondoa ya ampea 8 ukaweka ya 16, kitakachoungua ni waya, na tangi la petroli liko jirani na injini.

Dhana: Waya mweusi ndio ethi.
Kwa Wajerumani ethi ni kahawia. Nyekundu hutoka betri moja kwa moja.

Dhana: Uvungu uliopakwa lami mpya ni mzima.
Hii ndiyo inayowaliza wanunuzi. Lami ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Usisahau sehemu za kuwekea jeki, kingo chini ya milango, na kitako cha betri, ambacho huliwa na asidi.

Dhana: Jeki inatosha.
Haitoshi. Weka stendi za chuma, si matofali, ndipo uingie chini.