Nguzo za Upimaji Mlimani Hazina Mali ya Mjerumani

Ofisi yetu inazidi kupokea taarifa za nguzo za upimaji kubomolewa au kuchimbuliwa kwenye vilele vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya na Njombe hadi Iringa. Nazungumzia zile nguzo za zege, nyingi zikiwa na kimo cha kifua cha mtu mzima, zenye kipande cha chuma katikati ya uso wa juu. Wanaozichimba wanaamini kwamba Mjerumani alipoondoka aliziacha ziwe alama ya mahali alipofukia dhahabu, rupia au zebaki. Kwa kuwa sasa tunahimiza wananchi kuzilinda alama hizi, nimeona nieleze kilichomo ndani yake. Naamini wengi wanaozigusa hawana nia mbaya.

Kilichomo ni vipimo vya nyota. Hakuna kingine.

Ni kweli Wajerumani walipima nchi hii. Mwaka 1898 tume yao na ya Waingereza ilipima mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na wapimaji walilazimika kutazama juu usiku ili wajue wako wapi. Lakini sehemu kubwa ya mtandao wa nguzo ulioachiwa taifa hili ilipimwa baadaye, enzi za Waingereza. Upande wa magharibi ulipita mnyororo wa pembetatu, yaani nguzo zilizounganishwa kwa kupima pembe kutoka kilele hadi kilele, unaofuata mstari wa digrii 30 Mashariki. Wazo hilo lilitolewa na David Gill, mwanaastronomia aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1879. Kipande cha Tanganyika kilishughulikiwa na Martin Hotine na wenzake kati ya 1931 na 1933, na mnyororo mzima, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukakamilika mwaka 1954. Mfumo wa ramani tulioutumia miaka mingi, Arc 1960, umetokana na kazi hiyo. Mjerumani mwenye sanduku la rupia hayumo katika historia hii.

Kinachowapa wachimbaji moyo ni hiki: wakishavunja nguzo na kuchimba, mara nyingi wanakuta chini yake, sawasawa na chuma cha juu, alama nyingine iliyozikwa. Wanashangilia kwamba wamefika. Alama hiyo iliwekwa makusudi ili nguzo ya juu ikivunjika kwa radi, moto au mkono wa mtu, mpimaji aweze kuirudisha mahali pake bila kuanza upya. Ukiing'oa hiyo ya chini, umefuta kipimo chote. Naomba hili lieleweke, maana kila mara tunaambiwa "tulikaribia kuipata", na kinachoongezeka ni mashimo.

Sasa nyota zinaingiaje kwenye nguzo? Chukua nyota angavu kuliko zote katika Msalaba wa Kusini, ile ya chini kabisa. Wanaastronomia wameshaipima, na wakati huu iko digrii 63 na dakika 15 (dakika ya pembe ni sehemu ya 60 ya digrii) kusini mwa ikweta ya anga, mstari unaopita juu ya ikweta ya dunia. Mpimaji anasimika theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, juu ya nguzo na kuisubiri nyota ifike kimo chake cha juu kabisa upande wa kusini. Akiwa katika jiji la Mbeya ataisoma kwenye kimo cha digrii 35 na dakika 39. Maana yake iko digrii 54 na dakika 21 kutoka utosini, yaani juu kabisa ya kichwa chake. Ondoa hizo kwenye 63 na dakika 15, zinabaki digrii 8 na dakika 54. Hiyo ndiyo latitudo ya Mbeya, kusini mwa ikweta. Hesabu ya darasa la sita, ila kila tarakimu ndani yake imegharimu watu maisha yao ya kazi.

Angalieni ugumu ulipo. Hewa inapinda mwanga wa nyota na kuifanya ionekane juu kuliko ilivyo. Kwa kimo hicho, na kwa mwinuko wa Mbeya wa mita 1,700 hivi, mpindo unazidi kidogo sekunde 60 za pembe, yaani dakika moja. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini, kwa hiyo asiyerekebisha anaihamisha Mbeya karibu kilomita 2. Ndiyo maana mpimaji makini hapimi nyota moja. Anachagua nyingine ya upande wa kaskazini yenye kimo kinachokaribiana na ya kwanza, ili kosa la hewa la kusini lifutwe na la kaskazini. Kisha anarudia jozi nyingine, na nyingine, kwenye baridi ya kilele, hadi majibu yakubaliane.

Kuna jambo jingine ambalo hata wasomi hulisahau. Mwaka 2000 nyota hiyohiyo ilikuwa digrii 63 na dakika 6. Imesogea dakika 9 kwa robo karne, kwa sababu mhimili wa dunia unayumba taratibu na kumaliza duara moja kwa takriban miaka 26,000. Ukitumia orodha ya zamani bila kuisahihisha, nguzo yako inahama zaidi ya kilomita 16. Nyota zenyewe nazo zinasafiri. Nyota ya Barnard, yenye mwendo wa haraka kuliko zote zinapotazamwa kutoka hapa, huhama kama sekunde 10 za pembe kila mwaka. Kwa hiyo kupima nyota ni kazi isiyoisha. Chombo cha Hipparcos, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwaka 1989, kilitoa orodha ya nyota 118,218. Mrithi wake, Gaia, aliyerushwa Desemba 2013 na kumaliza kupima Januari 2025, ametoa orodha ya takriban bilioni 1.8.

Longitudo, yaani mahali ulipo mashariki au magharibi, ndiyo iliyowatesa zaidi watu wa zamani, kwa kuwa inadai saa sahihi. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa. Saa zetu zinafuata mstari wa digrii 45 Mashariki, ambao haugusi hata ardhi ya Tanzania, na Mbeya iko karibu digrii 33 na nusu. Ndiyo maana jua la Mbeya hufika katikati ya anga, kwa wastani, saa 6:46 mchana, dakika 23 hivi baada ya Dar es Salaam. Saa ya mpimaji ikikosea sekunde moja tu, nguzo inahama mita 460 mashariki au magharibi. Katika miongo ya karibuni kabla ya setilaiti, wapimaji walipanda milima na redio ili wasikie mlio wa saa kutoka mbali.

Wanaotilia shaka kwamba mahesabu haya yana ukweli wowote wakumbuke Rujewa, wilayani Mbarali. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika pale kuona jua likipatwa na kubaki pete kwa takriban dakika tatu, karibu na saa sita mchana. Mahali, siku na saa vilijulikana miaka mingi kabla, kwa vipimo vya aina hii hii.

Swali tunaloulizwa kila wiki: siku hizi kuna GPS kwenye simu, nguzo za nini? Kwanza, simu inakupa mahali kwa makosa ya mita kadhaa, na mita kadhaa kwenye kiwanja cha mjini ni sebule ya jirani. Pili, simu haisomi mfumo uliotumika kwenye ramani nyingi za zamani. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, utasimama zaidi ya mita 200 kutoka kwenye bikoni yako, alama ya mpaka wa kiwanja, halafu utakuja ofisini kudai kwamba tumekuibia shamba. Mfumo mpya wa taifa, TAREF11, unaendana na setilaiti, lakini ili kuoanisha ramani za zamani na huo mpya tunahitaji nguzo zilezile, zikiwa mahali palepale.

Tatu, setilaiti zenyewe hazijaachana na anga. Ili zijue dunia imegeuka kiasi gani leo, darubini za redio, ikiwamo ya Hartebeesthoek Afrika Kusini, hupima kwasa, vitu vya mbali kiasi kwamba hatuoni mwendo wao. Orodha ya kimataifa inayotumika tangu Januari 2019 ina vyanzo 4,536 vya redio. Bila hivyo namba kwenye simu yako zingeanza kupotoka kidogo kidogo.

Kuhusu sheria niwe wazi. Alama za upimaji, kuanzia nguzo ya mlimani hadi bikoni ya kiwanja, zinalindwa na Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324. Kuiondoa, kuihamisha au kuiharibu bila idhini ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo inamgusa anayehamisha alama ya mpaka kwa nia ya kudhulumu. Kiwango cha adhabu huamuliwa na mahakama kulingana na shauri, na sitakitaja hapa ili mtu asipige hesabu kama inalipa. Utetezi wa "niliambiwa na mganga" haujafuta kosa. Mwenye shamba ambalo nguzo imo ndani yake hapotezi shamba: analima kuizunguka, na anampisha mpimaji anapokuja na kitambulisho na barua ya utambulisho. Asiyekuwa na vyote viwili msimpeleke mlimani, hata akija na mashine inayolia.

Ukikuta nguzo imevunjwa, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, naye aifikishe kwa mtendaji. Mtendaji aandike barua kwa ofisi ya ardhi ya halmashauri, akitaja jina la mlima, kitongoji na tarehe iliyoonekana. Kama kuna namba iliyochorwa kwenye zege, inakiliwe kama ilivyo, hata ikiwa nusu imefutika. Picha ya simu inatosha kuambatanishwa. Bikoni ya kiwanja ikipotea, mwenye kiwanja na majirani wote wa mpaka huo waje pamoja na nakala za hati. Mpimaji wa halmashauri au mwenye leseni atairejesha kwa kufuata ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Kuisimika mwenyewe, hata kwenye shimo lilelile, hakukubaliki.

Vipande vya zege viacheni vilipo na shimo lisifukiwe mpaka mpimaji afike. Alama ya chini ikiwa haijaguswa, tunaweza kuisimamisha nguzo upya juu yake.