"Arbitri Ametuuza": Tunayoyaamini Makocha wa Shule Lubumbashi, na Yaliyo Kweli

Mvulana wangu anayecheza beki ya kushoto alilia kutoka Katuba mpaka tulipomaliza kuvuka komini ya Kenya. Mpira ulikuwa umemgonga mkononi ndani ya boksi, refa akapuliza penalti, dakika zikaisha, tukatolewa. Wenzake hawakumlaumu. Walimlaumu refa, na maneno yao yalikuwa mawili tu: "Arbitri ametuuza." Sikuwakanya, kwa sababu maneno hayo waliyatoa kinywani mwangu. Nilikuwa nimeyasema kando ya uwanja, kwa sauti iliyofika upande wa pili.

Usiku ule niliona aibu. Nimefundisha vijana mpira kwa misimu mingi, nimewahi kuonewa kweli, na najua uchungu wa kuona kazi ya miezi mitatu ikiharibiwa na filimbi moja. Lakini nilijiuliza: nilijua nini hasa kuhusu yule mtu? Nikachukua kitabu cha sheria, zile sheria 17 za mpira wa miguu, nikaanza kusoma tangu ya kwanza. Mengi niliyokuwa nikiyapigia kelele hayamo humo. Na uonevu niliokuwa nikiutafuta mfukoni mwa refa, nikaukuta mahali pengine kabisa.

"Refa akituumiza, amepewa pesa"

Waamuzi wanaouza mechi wapo. Huko Ujerumani, mwaka 2005, refa Robert Hoyzer alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi mitano kwa kupanga matokeo kwa ajili ya watu wa kamari. Ila alihukumiwa kwa ushahidi, si kwa sababu kocha fulani alikasirika. Sisi tunaanzia kwenye hasira, halafu ushahidi hatuutafuti kamwe.

Kinachopindisha filimbi mara nyingi hakihitaji hata faranga moja. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio walilofanya na waamuzi 40. Waliwaonyesha video ya matukio 47 ya wachezaji kugombea mpira, yote kutoka mechi moja ya Liverpool nyumbani kwao Anfield. Baadhi ya waamuzi waliisikia sauti ya mashabiki, wengine walitazama kimya. Waliosikia kelele waliiadhibu timu ya nyumbani kwa faulo pungufu kwa karibu asilimia 15. Video ni ileile. Kilichowatofautisha ni masikio.

Utafiti mwingine, wa ligi ya Hispania, ulichapishwa mwaka 2005 ukionyesha kwamba waamuzi waliongeza dakika nyingi zaidi pale timu ya nyumbani ilipokuwa nyuma kwa bao moja kuliko ilipokuwa mbele kwa bao moja. Kisha ukaja mwaka 2020, viwanja vikafungwa kwa ajili ya korona, mechi zikachezwa bila watu. Katika ligi za Ulaya, timu za ugenini zilizokuwa zimezoea kuonyeshwa kadi za njano nyingi kuliko wenyeji zikaona tofauti hiyo ikipungua sana, mahali pengine ikatoweka.

Sasa rudi kwenye viwanja vyetu. Ni kiangazi, vumbi jekundu limesimama hewani, mistari ya chokaa imefutika tangu kipindi cha kwanza. Watazamaji hawakai jukwaani, maana jukwaa hakuna. Wamesimama juu ya mstari wenyewe, wenye ngoma na wenye filimbi zao, karibu kiasi kwamba refa anaweza kusikia jina la mama yake likitajwa. Yeye yuko peke yake. Shule mwenyeji ndiyo iliyomwita, prefe, yaani mkuu wa shule hiyo, ndiye aliyempa kiti, maji na pesa ya taksi ya kurudia nyumbani. Mara nyingine ni mwalimu wa shule hiyohiyo, na kesho saa moja asubuhi ataingia darasani mbele ya watoto aliowapigia penalti.

Mtu huyo hakununuliwa. Amewekwa mahali ambapo macho yake hayawezi kuwa huru. Huu ndio uonevu ninaoukataa kwa moyo wote, na ni wetu sisi tunaopanga mechi: wakuu wa shule, walimu wa michezo, makocha. Miaka yote nilikaa kwenye vikao vya kupanga ratiba, nikabishana kuhusu tarehe na kuhusu nani atacheza nyumbani, na hata siku moja sikuuliza nani atapuliza.

"Mpira ukigusa mkono ndani ya boksi, ni penalti"

Na kinyume chake, kinachosemwa na kocha wa upande wa pili: "Hakukusudia, kwa hiyo si penalti." Yote mawili si sheria. Sheria ya 12 inasema ni kosa mchezaji akiugusa mpira kwa mkono makusudi, kwa mfano akiupeleka mkono kwenye mpira. Ni kosa pia ikiwa mkono umeufanya mwili wake uwe mkubwa kuliko mwendo wake unavyohitaji, hata kama hakutaka kuugusa. Na mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa, kwa hiyo mpira uliogonga juu ya bega haukugonga mkono. Mfungaji naye hana ruhusa ya kufunga kwa mkono, hata kwa bahati mbaya.

Niliposoma hapo nilimkumbuka beki wangu. Aliruka, mkono wa kulia ukiwa umenyooka juu ya bega lake, mpira ukapita kichwa ukakutana na kiganja. Hakukusudia. Namjua, hawezi. Lakini mkono ule ulikuwa juu bila sababu ya kuwa juu, na refa alikuwa hatua nane kutoka pale. Penalti ilikuwa halali. Nilimpigia kelele mtu aliyekuwa sahihi, mbele ya vijana ishirini wanaonisikiliza kuliko wanavyowasikiliza baba zao.

"Alikuwa ameotea, kila mtu ameona!"

Kila mtu ameona, lakini kila mtu ametazama wakati usio wake. Kuotea hupimwa pale mwenzako anapoupiga mpira. Wewe unapoupokea, mambo yamekwisha kuamuliwa, na kati ya nyakati hizo mbili mshambuliaji mwepesi amekwisha kukimbia hatua nne au tano. Anayemtazama mpokeaji peke yake atamwona ameotea kila mara. Isitoshe, hakuna kuotea ukiwa nusu yenu ya uwanja, wala ukipokea moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurushwa, mpira wa goli au kona.

Hata wataalamu wanakosea. Watafiti wa Uholanzi walionyesha katika jarida la Nature mwaka 2000 kwamba makosa mengi ya washika kibendera yanatokana na pembe wanayosimama: wakiwa mbele au nyuma kidogo ya beki wa mwisho, jicho linawadanganya. Hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo tu. Sisi hatuna mshika kibendera hata mmoja. Refa wetu yuko katikati ya uwanja, ameuangalia mguu unaopiga, kisha anageuza shingo kutafuta mstari wa mabeki mita 40 mbele yake, ndani ya vumbi. Tunamdai asichoweza kukiona.

"Mwenye kadi ndiye mwenye kosa"

Wazee wa Kamalondo wanaijua hadithi hii, vijana wangu hawakuijua. Mwaka 1974, Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Katika mechi ya Yugoslavia, ile tuliyofungwa 9-0, refa kutoka Colombia alizongwa na wachezaji wetu, mmoja akampiga teke kwa nyuma. Refa akageuka, akampa kadi nyekundu Ndaye Mulamba, mtu aliyekuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika mwaka huohuo. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, klabu ya mji huu. Ndaye akatoka, na kadi haikurudi.

Hapo hakukuwa na rushwa. Kulikuwa na kundi la watu waliomzunguka mtu mmoja, na macho mawili yaliyokuwa yanatazama mbele. Ndiyo maana siku hizi nawaambia vijana: mkimzingira refa, mmoja wenu asiye na hatia ndiye atakayelipa.

Mwepu huyohuyo, siku chache baadaye, alitoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Brazil kabla Wabrazili hawajaugusa. Dunia nzima imecheka kwa nusu karne ikisema Mwafrika hakujua sheria. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijua vizuri alichofanya na alikifanya makusudi, kwa hasira. Namwamini. Mtu aliyefika Kombe la Dunia hawezi kukosa kujua mpira wa adhabu ni wa nani. Alipewa kadi ya njano, na ilikuwa haki yake. Dharau iliyofuata haikuwa haki.

"Kocha anayepiga kelele anaitetea timu yake"

Tangu mwaka 2019 sheria zinamruhusu refa kumwonyesha kocha kadi ya njano na nyekundu kama mchezaji. Zaidi ya hapo, kosa likitoka kwenye benchi na aliyelifanya asijulikane, kadi inakwenda kwa kocha mkuu aliyepo. Na mpira ukishaanzishwa tena, refa haruhusiwi kurudi nyuma na kubadili uamuzi uliouanzisha, hata akitambua amekosea. Kelele za dakika tano baadaye zinaomba kitu ambacho sheria imekwisha kukifunga.

Kinachobaki ni masikio ya watoto. Nimechunguza timu yangu yenyewe: siku ninazobishana, mabeki wanainua mikono kuomba faulo badala ya kukimbia, na tunafungwa bao la pili tukiwa bado tunalalamikia la kwanza.

"Refa akikiri kosa, heshima imekwisha"

Huko Marekani, makocha wa besiboli wa shule za sekondari wanalia kilio chetu. Mwamuzi wao husimama nyuma ya mdakaji na kukadiria kwa jicho kama mpira uliorushwa umepita ndani ya eneo halali, mara zaidi ya mia kwa mechi. Ligi kuu yao imeleta kamera za kupinga maamuzi hayo, kuanzia msimu wa 2026, lakini viwanja vya shule vimebaki na jicho.

Katika ligi hiyo kuu, tarehe 2 Juni 2010 huko Detroit, mrushaji kijana Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo, bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Akimtoa wa 27, wa mwisho, angekamilisha mchezo usio na doa, jambo ambalo warushaji wengi wakubwa wanastaafu bila kulipata. Akamtoa. Mwamuzi Jim Joyce akasema hapana, mpigaji amewahi kufika kituoni. Baada ya mechi Joyce alitazama picha, akaona amekosea, akasema hadharani kwamba kosa ni lake, akamwomba kijana radhi. Matokeo hayakubadilishwa. Siku iliyofuata Joyce alisimama tena kuamua, na aliyemletea orodha ya wachezaji mkononi alikuwa Galarraga. Mwamuzi alifuta machozi mbele ya uwanja mzima. Watu wanamheshimu mpaka leo.

Hadithi hiyo ndiyo iliyonifanya nivuke mji kumtafuta refa wa Katuba. Nilimkuta nyumbani kwake, mke wake akanipa kiti, nikamwambia: "Mzee, ile penalti ilikuwa ya kweli. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kuna faulo moja ya kipindi cha kwanza aliyotunyima sisi, na imekuwa ikimsumbua. Aliogopa kuipuliza, watazamaji walikuwa nyuma ya mgongo wake kabisa.

Mimi na yeye tulipeleka mambo matatu kwenye kikao kilichofuata: refa asitoke shule yoyote kati ya zinazocheza, pesa yake ya usafiri itolewe na shule zote mbili kwa pamoja kabla ya mechi, na kamba ifungwe mita tatu nyuma ya mstari. Mawili yalipita. La kamba walisema ni gharama, nikainunua mwenyewe sokoni. Kisha tukawafundisha wanafunzi wanne wa darasa la mwisho kushika kibendera. Jumamosi tano, kwenye uwanja mtupu, refa akiwaelekeza wasimame usawa wa beki wa mwisho na wasiufuate mpira kwa macho.

Mechi ya kwanza waliyoshika ilikuwa yetu, nyumbani. Dakika za mwisho mshambuliaji wangu alipokea pasi, akafunga, uwanja ukalipuka. Kule pembeni, msichana mmoja wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa shule yangu mwenyewe, alikuwa ameinua kibendera. Wazazi walianza kumwita kwa jina. Wachezaji wangu walinigeukia wote kwa pamoja kuona nitafanya nini. Nilibaki nimesimama, mikono nyuma. Kibendera hakikushuka mpaka refa alipopuliza.