Drifti ya Pedi: Analogi Inapojiendesha Yenyewe

Drifti ni hali ya pedi ya gemu kutuma amri ya mwendo wakati hakuna kidole kinachogusa analogi, yaani kijiti cha kuelekezea. Mchezaji kwenye gemu ya FIFA anajongea kushoto mwenyewe, kamera inapanda taratibu hadi unaona mawingu tu, au menyu inajishusha bila kukoma. Wengi huanza kulaumu gemu au bluututhi, kumbe mara nyingi kilichochakaa ni kipande kidogo cha kaboni ndani ya pedi.

Chini ya kila kijiti cha pedi za PS4, PS5 na nyingi za Xbox kuna potenshiomita (vipimo vya mwendo vinavyotumia ukinzani wa umeme) mbili: moja inasoma kushoto na kulia, nyingine juu na chini. Kila moja ina njia nyembamba ya kaboni, kwa kawaida yenye ukinzani wa kilo-omu 10, na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake. Kijiti kikitulia katikati, ulimi unasoma karibu nusu ya volti inayopita kwenye njia hiyo. Ukikisukuma, volti inapanda au kushuka, na chipu inajua umeenda upande gani na kwa kiasi gani. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwani kila mwendo ni msuguano. Kaboni inalika, unga wake unabaki humohumo, na ulimi unapokanyaga unga huo volti inarukaruka.

Moduli (kijiti pamoja na potenshiomita zake) za kampuni ya Alps, ambazo hutumika sana kwenye pedi hizi, hukadiriwa kudumu mizunguko milioni 2. Idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka uipigie hesabu. Ukisukuma kijiti mara 100 kwa dakika, ni mara 6,000 kwa saa, na milioni 2 zinatimia baada ya saa 333 hivi. Kwa pedi ya kibanda cha gemu inayochezewa saa 8 kila siku, hiyo ni wiki sita tu. Haina maana kwamba itakufa siku hiyo, ila kuanzia hapo usishangae.

Kabla ya kufungua chochote, unganisha pedi na kompyuta kwa waya, kisha fungua ukurasa wowote wa kupimia pedi kwenye kivinjari. Namba za analogi huenda kutoka -1 hadi 1, na kijiti kilichotulia kinatakiwa kuwa karibu na 0. Tofauti ya 0.05 ni ya kawaida. Angalia tabia ya namba kuliko ukubwa wake. Zikichezacheza huku kijiti kimetulia, kuna uchafu au kaboni iliyolika. Zikitulia, lakini kila ukiachia kijiti zinasimama mahali tofauti, springi ya kurudisha kijiti imelegea. Zikiwa zimehama kidogo na hazibadiliki kamwe, huenda ni kalibresheni tu, yaani pedi inahitaji kufundishwa upya katikati ni wapi.

Njia nyepesi ni kuongeza ukanda wa katikati ambao gemu hupuuza, tuseme kutoka 0.05 hadi 0.12. Gemu nyingi zina mpangilio huo. Unaficha tatizo, na unalipa kwa kupoteza miendo midogo ya kulenga shabaha. Kubonyeza kile kitufe cha kurisetia kilicho kwenye tundu nyuma ya pedi ya PS5 husaidia pedi isiyounganika, lakini hakurudishi kaboni.

Kwa uchafu, fungua pedi, chomoa betri, dondoshea alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi pembeni mwa potenshiomita, zungusha kijiti, kisha subiri ikauke kabisa. Usitumie WD-40 ya kawaida, kwa sababu inaacha mafuta yanayoshika unga uleule unaojaribu kuutoa. Na kama njia imelika, nafuu hiyo haidumu.

Dawa kamili ni kubadilisha moduli. Kwenye PS4 na PS5 ina miguu 14 iliyolehemewa, na ile iliyoungana na sehemu pana za shaba hunyonya joto. Paka flaksi (dawa inayosaidia risasi kuyeyuka na kushika vizuri), ongeza risasi mpya ya kulehemu juu ya ile ya zamani, ndipo uivute kwa utambi wa shaba. Fundi anayeng'oa moduli kwa nguvu huondoka na vijiduara vya shaba vya bodi, na hapo kazi ya dakika ishirini inageuka kuwa kuunga nyuzi. Joy-Con za Nintendo Switch ni rahisi zaidi: moduli yake huchomekwa kwa utepe mwembamba, hakuna kulehemu.

Ukiwa umeshafungua, fikiria moduli za sumaku, zinazotumia athari ya sumaku kwenye umeme iliyogunduliwa na mwanafizikia Edwin Hall mwaka 1879. Sumaku inazunguka mbele ya sensa bila kuigusa, kwa hiyo hakuna kaboni ya kulika. Kampuni ya Sega iliweka sensa za aina hii kwenye pedi ya Dreamcast, mashine yake ya gemu, tangu 1998, jambo linaloonyesha kwamba ufumbuzi haukuwa siri; potenshiomita ni rahisi tu kwa mtengenezaji. Baada ya kufunga moduli hizo kwenye pedi ya PS5 ni lazima ukalibreshe upya, maana vipimo vya moduli ya zamani bado viko kwenye kumbukumbu ya pedi. Springi nayo bado ni ya chuma, na itaendelea kulegea kama kawaida.