Modi ya gemu si mali ya wizi

Juzi karibu na stendi ya Moshi kijana mmoja alinionyesha simu yake: ndani ya Bus Simulator Indonesia, gemu ya kuendesha mabasi, basi lenye rangi na maandishi ya mabasi yetu ya Dar linakata kona. Mwenzake akadakia, "Hiyo gemu ya kukraki, kaka," yaani iliyovunjwa ulinzi wake. Hapana. Na inaniuma, maana aliyechora basi lile alikesha.

Basi lile ni modi: faili la nyongeza linalotengenezwa na wachezaji wenyewe. Gemu hiyo ina sehemu rasmi ya kuingiza magari uliyoyaunda. Tangu gemu ya Doom ya 1993, ramani, picha na sauti zilikaa kwenye faili la pembeni, hivyo watu wakaongeza vyao bila kugusa programu. Counter-Strike ilianza 1999 kama modi ya gemu ya Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe. Mwaka uliofuata Valve, kampuni iliyounda Half-Life, wakaitoa kama gemu kamili.

Gemu kuvuja ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2003 msimbo (maandishi ya programu) wa Half-Life 2 uliibwa kwenye mtandao wa ndani wa Valve ukasambazwa kabla gemu haijatoka. Ule ndio wizi.

Kinachochanganya watu ni zile APK, yaani mafaili ya kusakinisha programu za Android, za "sarafu bila kikomo". Hizo ni programu zilizofumuliwa na kufungwa upya na mtu usiyemjua, na virusi hupenya humo. Faili la basi hufunguliwa ndani ya gemu. Haliombi kusoma meseji zako. Likiomba, lifute.