Ukumbi haubebi picha yako: kurusha video mubashara ndani ya Second Life kutoka nyumbani

Usiku wa kwanza nilipomrusha mjomba wangu akipiga ganuni ndani ya Second Life, ulimwengu pepe wa mtandaoni, wageni watatu wa mwanzo walimwona vizuri kabisa. Akaingia wa nne, wa tano, wa sita. Nikatupa jicho kwenye gumzo, nikakuta msikilizaji wetu wa Muscat ameandika: "Kaka, picha imeganda." Punde wa London naye: "Hata huku." Mjomba hana habari, yuko sebuleni Unguja, kafumba macho, vidole vinatembea kwenye nyuzi.

Niliilaumu kompyuta. Nikafunga programu nyingine zote, nikaizima, nikaiwasha upya. Kumbe kompyuta haikuwa na kosa, prosesa ilikuwa haijafika hata nusu ya nguvu zake. Mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa video inavyofika ndani ya ulimwengu pepe. Naulizwa jambo hili mara kwa mara, kwa hiyo leo naliandika lote.

Second Life ilifunguliwa kwa umma na Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003. Seva zake zinatunza ardhi, majengo, na mahali kila avata, yaani umbo la mtu humo ndani, aliposimama. Video yako haimo. Ukiweka anwani ya video kwenye kiwanja chako, au kwenye uso wa kitu chochote kama inavyowezekana tangu 2010, seva hizo haziigusi hiyo video. Zinamwambia tu kila anayeingia: picha ya ukuta ule ipo kwenye anwani hii. Baada ya hapo programu iliyo kwenye kompyuta ya mgeni mwenyewe ndiyo inayofunga safari kuifuata. Kwa macho ukumbi ni mmoja na watu wamekaa safu moja, lakini kila mmoja ana televisheni yake, na kama video inatolewa na kompyuta yako mwenyewe, kama nilivyofanya mimi, kila televisheni imevuta waya wake mpaka nyumbani kwako.

Sasa tupige hesabu. Strimu yangu, yaani mkondo wa video niliokuwa narusha, ilikuwa kilobiti 2,000 kwa sekunde za picha na 128 za sauti, tuseme megabiti 2.1. Kasi yangu ya kupakia ilikuwa megabiti 10. Wageni wanne wanakula 8.4. Wa tano anazifikisha 10.5, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kwa wote, maana data zote zinagombea mlango mmoja mwembamba na zinazokosa nafasi zinatupwa bila kuangalia ni za nani. Ndiyo maana hata wale watatu waliotangulia kukaa waliganda. (Tangazo la intaneti hupenda kukutajia kasi ya kupakua. Ya kupakia iulize mwenyewe, na uipime saa ile ile utakayorusha.)

Kilichonipoteza zaidi ni taa ya kijani. Natumia OBS, programu ya bure inayochukua kamera na maikrofoni, ikabana picha na kuituma. Chini ya dirisha lake kuna alama ya rangi na idadi ya fremu, yaani picha moja moja za video, zilizopotea. Usiku ule ilikuwa kijani muda wote na fremu zilizopotea 0, nikaamini kila kitu kiko sawa. Lakini seva ya video nilikuwa nimeiweka kwenye kompyuta ile ile. OBS ilikuwa inapima njia ya kutoka yenyewe hadi kwa jirani yake ndani ya kasha moja. Njia ya kutoka nyumbani kwenda Muscat haikuwa inaiona kabisa.

Dawa yake ni seva ya kati. Unakodi seva ndogo kwenye kituo cha data, unaweka MediaMTX, programu ya kupokea na kugawa video ambayo nayo ni ya bure, kisha OBS inatuma strimu moja tu huko kwa RTMP, moja ya taratibu za kutuma video, kupitia mlango wa mtandao namba 1935. Seva ndiyo inayoigawa. Waje watano au waje hamsini, nyumbani kwako kunatoka megabiti 2.1 zile zile, na sasa taa ya kijani inasema kweli. Kabla ya kukodi, angalia kiasi cha data unachopewa kwa mwezi: mgeni mmoja kwa saa moja anakula karibu gigabaiti moja, kwa hiyo wageni hamsini kwa saa mbili ni kama gigabaiti 95.

Njia hii inawafaa hata wanaotumia ruta ya laini ya simu. Ingia kwenye ruta yako, tazama anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, mnashirikiana anwani moja na wateja wengine wa mtandao wako, na hata ufungue milango yote ya ruta, mgeni wa nje hatakufikia. Kutoka kwenda kwenye seva ya kati unaweza, kwa sababu wewe ndiye unayebisha hodi.

Kuna na faida ya faragha. Kompyuta ya mgeni inapofuata video, inaacha anwani yake ya intaneti kwa mwenye seva, na mgeni naye anaijua ya seva hiyo. Mwaka 2011 lilizuka zogo kubwa Second Life kwa sababu ya kifaa kilichotumia njia hii hii kukusanya anwani za watu. Sitaki wageni wa mjomba waijue anwani ya nyumba yake, na za kwao sizihifadhi.

Ukikutana na maelekezo yanayokwambia usakinishe QuickTime, pleya ya video ya Apple, yaache. Zamani ndiyo ilikuwa njia yenyewe, lakini Apple iliacha kuitunza kwenye Windows mwaka 2016. Siku hizi mimi naweka ukutani anwani ya ukurasa ambao MediaMTX inautoa yenyewe ukiwa na pleya ndani. Skrini naifanya mita 8 kwa 4.5 ili uso wa mjomba usivutwe, na naiwekea mwanga kamili, la sivyo jua la Second Life likizama na yeye anaingia gizani.

Kuchelewa je? Ukurasa ule unaifikisha video kwa njia iitwayo HLS, ambayo huikata vipande vipande. Apple inapendekeza vipande vya sekunde 6, na pleya kwa kawaida huanza vipande vitatu nyuma, yaani kama sekunde 18. Kipande hakiwezi kuanza ila kwenye fremu kamili, ile inayobeba picha nzima bila kutegemea zilizotangulia. Ukiiachia OBS iamue, kwa x264, kisimbaji kinachobana picha ndani yake, fremu kamili zinaweza kupishana kwa fremu 250, zaidi ya sekunde 8 kwa kasi ya fremu 30. Kwa hiyo andika sekunde 2 kwa mkono wako, na vipande viwe vya sekunde 2. Hapo unashuka hadi sekunde sita au saba. Wageni hawatalingana hata hivyo. Wa London anasikia nyuzi ambazo wa Muscat alishazisikia.

Sauti nimeiacha mwisho makusudi, maana ndiyo iliyoniuma. Picha ilipotulia, wasikilizaji waliniambia ganuni inasikika kama imefunikwa blanketi. Nilivaa spika za masikioni nikasikiliza strimu yangu mwenyewe. Mjomba anapiga uzi, mlio unatoka, halafu badala ya kufifia taratibu unakatwa ghafla kama mtu kauwekea kiganja. Ule mkia wa sauti ndio roho ya ganuni. Kosa lilikuwa kichujio cha kelele ndani ya OBS, nilichokiwasha kwa sababu ya feni. Kichujio kile kimefundishwa kutambua usemi wa binadamu, na mlio wa uzi unaofifia kwake ni kelele, sawa na feni. Nikakizima, feni nikaizima pia, maikrofoni nikaisogeza shubiri mbili kutoka kwenye nyuzi, na kwenye OBS nikaacha nafasi ya desibeli kumi juu ya mlio mkubwa kuliko yote. Jasho lilitutoka, lakini ile ganuni ilikuwa ganuni. Kama unarusha ala yoyote ya nyuzi, zima vichujio vyote kwanza, kisha anza kusikiliza.

Kwa umeme nina betri ya akiba ya ruta na kompyuta, inatosha kumalizia kipande na kuaga. Kuchelewa kwa zile sekunde saba tumekuzoea kwa namna yetu. Mjomba akimaliza kipande hujimiminia kahawa. Makofi yanaanza kufika kwenye gumzo akiwa kwenye funda la pili, namsomea yametoka wapi, Muscat, London, Toronto, naye anaitikia kila mji kwa kichwa, halafu anavaa tena pete zake za kupigia.