Mkaa usio na moshi si mkaa usio na sumu

Wengi hapa Dodoma huamini kwamba mkaa mbadala wa magunzi ya mahindi au maganda ya karanga, kwa kuwa hautoi moshi, unaweza kuachwa ukiwaka chumbani usiku wa baridi ya Julai. Imani hiyo inaeleweka, maana tumezoea kuyaamini macho na pua. Ni kweli kwamba mabaki yaliyochomwa kwa hewa kidogo hadi yakawa meusi, yakasagwa, yakafinyangwa kwa uji wa muhogo na kukaushwa vizuri, hutoa moshi mdogo; ukivunja kipande na kukuta ukahawia ndani, hakikuiva, nacho kitafuka. Lakini kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, haina rangi wala harufu, na hutoka katika kila kaa linalowaka, liwe la mti au la maganda. Kichwa kuuma karibu na jiko, kisha kutulia mtu akitoka nje, ni dalili yake. Jiko libaki uani, na kamwe lisiingizwe chumba cha kulala.