Je, wajua kwa nini Farao mtu mzima alichongwa akinyonya ziwa?

Ukiangalia vizuri michongo ya kuta za Misri ya kale utakutana na hii picha: mfalme, taji kichwani, amesimama ananyonya ziwa la mungu wa kike. Watu wengi wakiiona wanacheka wanapita, na mimi naona wanakosa kitu kikubwa, maana pale ukutani ndo wamisri walikuwa wanaeleza mtu anapataje kuwa mfalme.

Kwanza hiyo picha ni ya zamani sana. Kule Abusir kwenye hekalu la piramidi ya Sahure, kama miaka 2480 KK, yupo Nekhbet, mungu wa kike wa Misri ya Juu, yaani kusini, anamnyonyesha mfalme. Sasa kwa nini maziwa? Waliolelewa Pwani watanielewa haraka, huku wawili wakinyonya ziwa moja wanakuwa ndugu hata kama tumbo lao si moja, na kuoana hawawezi. Kwa wamisri nao maziwa yalikuwa yanajenga undugu, ila huu ni undugu na miungu. Ndo maana mfalme ananyonyeshwa akizaliwa, ananyonyeshwa tena akivishwa taji, na akifa pia, manake kila mara anaingia maisha mapya na anahitaji nguvu mpya.

Na mama mwenyewe si yeyote tu. Mungu wa kike Isis ndiye mama wa Horus, mungu wa ufalme, na kila Farao aliye hai alihesabiwa kuwa Horus, kwa hiyo mama yake wa mbinguni anajulikana tayari. Tena Isis kichwani anavaa kiti cha enzi! Kule Abydos kwenye hekalu la Seti wa Kwanza, aliyetawala miaka ya 1290 KK hivi, yupo Isis amempakata Seti mapajani, mkono mmoja umeshika kidevu chake, yaani mapaja ya mama ndo kiti chenyewe cha ufalme. Ni mchongo wa kuinuliwa, jiwe la pembeni linachongwa linaondolewa ili sura zibaki juu, kazi ngumu mno, na mpaka leo kuna sehemu rangi bado ipo.

Aliyeutumia huu umama kuliko wote kwa maoni yangu ni Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama Farao kuanzia kama 1479 KK. Mwanamke kukaa kwenye kiti kile ilihitaji maelezo, basi akachongesha kwenye hekalu lake la Deir el-Bahari hadithi nzima ya kuzaliwa kwake: Amun, mkuu wa miungu, anamjia malkia Ahmose kwa umbo la mumewe Thutmose wa Kwanza, mungu Khnum anamfinyanga mtoto na ka yake, yaani ile nafsi pacha, kwenye gurudumu la mfinyanzi, Heqet mwenye kichwa cha chura anawapa uhai, halafu mtoto ananyonyeshwa na miungu. Cha kushangaza mtoto amechongwa wa kiume! Baadaye Amenhotep wa Tatu naye akachongesha hadithi kama hiyohiyo kwenye hekalu la Luxor, mama yake Mutemwiya akiwa mahali pa Ahmose, kwa hiyo haikuwa shida ya mwanamke peke yake, hata mwanaume mwenye baba mfalme alitaka watu wajue kwamba mbegu ni ya Amun.

Kwenye kaburi la Thutmose wa Tatu, Bonde la Wafalme, ananyonyeshwa na mti, mti kabisa wenye mkono na ziwa, na maandishi yanasema ni mama yake Isis. Mama yake mzazi naye aliitwa Isis, kwa hiyo mama wa duniani na wa mbinguni wamekutana kwenye mti mmoja.

Miaka zaidi ya elfu moja na mia tano baadaye, kwenye hekalu la Dendera, kaisari wa Roma Trajan kachongwa kwa mavazi ya Farao akimtolea sadaka mungu wa kike Hathor anayemnyonyesha mwanawe Ihy. Pale anayenyonya ni mungu mtoto, na mfalme amesimama mbele yake na sadaka mkononi.